Gharama ya Biskuti

Kosele,
14 Januari 2024

Kwa Daktari, Baba Boaz, Kehancha.

Mkwe wangu,

Hapa dala, yaani nyumbani kwetu, sote tunapumua. Mvua ya Krismasi iliyalaza mahindi ya mwanangu Otieno, akalia kama ameibiwa, halafu mahindi yakainuka yenyewe. Goti langu la kushoto linauma nikipanda, la kulia linauma nikishuka, kwa hiyo siku hizi natembea mahali tambarare tu. Mwambie binti yangu Scovia sweta imenitosha. Mwambie Boaz bibi yake amesikia habari ya meno ya mbele kung'oka, na kwamba asicheke mbele ya jogoo, atadhani yaliyobaki ni mahindi.

Utajiuliza kwa nini mama mkwe anaandika barua siku hizi ambapo watu wanatuma mpaka sala kwa simu. Nilitaka kukupigia. Nikashika simu, nikawaza: yaani mkwe aniongeleshe hapa hapa ndani ya sikio, na pumzi yake na kikohozi chake? Hapana. Sisi Wajaluo mkwe tunamkalia mbali, na nasikia hata nyinyi Wakuria ni hivyo. Kijaluo hukijui, na mimi Kikuria najua maneno mawili, yote ya kukataa bei. Basi tuandikiane Kiswahili, tena kile cha heshima. Atatubebea Irine muuza dagaa wa omena, yule anayenunua Muhuru Bay na kuuza kwenu na kwetu.

Sasa jambo lenyewe. Kitinda mimba wangu Odhiambo alikuwa mpishi wa wale wageni waliokuja Lambwe kuchunguza mbung'o. Wageni wamerudi kwao, Odhiambo amepata kazi Doha. Wageni walimwachia mbwa wao, na Odhiambo ameniachia mimi. Jina lake Biskuti, na rangi ni ya biskuti kweli. Ana masikio marefu mpaka akinywa maji yanatangulia kuingia kwenye bakuli. Karatasi yake inasema ni "spaniel". Nilienda sokoni kwenye duka la dawa za mifugo nikasema kwa sauti, "Naomba dawa ya spana." Kijana akanielekeza kwa fundi wa pikipiki. Yawa! Soko zima lilicheka, na mimi nilikuwa nimevaa nguo ya kanisani.

Daktari, mbwa huyu ni ghali. Mbwa wetu wa zamani alikula makoko ya ugali na akashukuru. Huyu ugali mtupu unamharisha. Anataka wali na omena zilizochemshwa zikatolewa chumvi. Manyoya yake yananasa kila mbegu ya porini, nami nakaa mlangoni nikimchambua kama mboga. Kupe wanampenda. Otieno anasema anakula kuliko mwanafunzi wa bweni na hatawahi kufanya mtihani. Amempata mwenye hoteli Homa Bay mjini anayemtaka akae getini wageni wapigwe naye picha. Amenipa mpaka Pasaka.

Mimi sitaki aende. Nakuambia wewe kwa sababu watoto wangu watacheka. Unajua kuku wangu wanataga porini, kila mmoja na siri yake. Huyu mbwa huwafuata, anachukua yai mdomoni, anakuja nalo mpaka miguuni pangu na kuliweka chini. Halijapasuka hata moja. Ni mbwa gani anabeba yai na hali? Tangu baba yao atutoke, miaka minne sasa, hakuna aliyenitafuta asubuhi ili anipe kitu. Wote hunitafuta kuomba.

Lakini masikio yananuka, Daktari. Yananuka mpaka mimi mwenyewe namfukuza, anakaa mlangoni akinitazama kama mfiwa. Yasipopona Otieno atakuwa ameshinda. Niambie nifanye nini.

Ni mimi mama yako,
Filister


Kehancha,
2 Februari 2024

Mama Mkwe wangu mheshimiwa,

Naandika nikiwa nimeketi wima kama vile uko mbele yangu. Sisi tu wazima. Scovia amebadilishiwa shule, sasa anafundisha karibu, anarudi nyumbani kula mchana. Boaz amepata jino moja jipya na anaonyesha kila mteja. Tumbaku ya baba mdogo imekauka vizuri, anakusalimu sana.

Barua yako ilinipa furaha ambayo sina kipimo chake. Kabla hujamaliza habari ya mayai nilikuwa nimeinuka kumwita Scovia aje asikie. Mama, mbwa wa aina hiyo walizaliwa kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa risasi na kuwaleta bila kuwang'ata. Biskuti hajawahi kuona bunduki, akajitafutia kazi kwenye kuku wako. Mimi ningempa mshahara.

Kuhusu masikio: usiogope. Sikio linalolala chini halipati hewa, na uchafu unaoza humo. Chemsha maji, yaache yapoe, tia siki kidogo sana, kijiko kimoja kwa vikombe viwili. Chovya pamba, pangusa pale unapoona kwa macho tu. Usiingize kijiti kamwe. Kausha vizuri. Baadaye tia matone kutoka kichupa ambacho Irine anakuletea. Ni mara mbili kwa siku, siku kumi. Wakati wa kula mfunge masikio juu kwa soksi ya mtoto iliyokatwa ncha. Nimeweka moja ya Boaz. Akilia unapomgusa, mwimbie, huwa wanatulia.

Kichupa usiulize bei. Kiko dukani kwangu na mimi ndiye mwenye duka.

Mkweo mtiifu,
Mwikwabe


Kosele,
10 Machi 2024

Daktari wangu,

Ero kamano! Nimeandika asante hiyo kwa Kijaluo kwa sababu ya Kiswahili haitoshi. Goti bado ni lile lile. Otieno ameuza fahali. Kanisani tumepata kasisi mpya, kijana, anahubiri kama anayekimbizwa.

Masikio yamepona. Siku ya saba harufu ilikwisha, siku ya kumi nikamruhusu alale ndani kando ya kabati. Soksi ya Boaz imekuwa sinema hapa. Watoto wanakuja kumtazama akila amefungwa kilemba. Nimemwimbia nyimbo zote za kitabu cha kanisa mpaka namba mia na nne.

Nimemnyoa pia. Kinyozi wa hapa sokoni alikataa, akasema wateja watasusia mashine. Nikamwambia mkwe wangu ni daktari na ameagiza. Unisamehe hilo. Alikubali kwa mia tatu, bei ya vichwa vya watu wazima watatu, na akamnyoa nje, chini ya kibao chake. Mwishoni akachukua kioo akamwonyesha kisogo, kama mteja mwingine yeyote. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Otieno alisikia bei akaniambia kuna wajukuu hawana viatu. Na ni kweli. Wiki hiyo sikununua sukari, na mjukuu akapata kiatu. Mbwa huyu ananifanya nichague vitu ambavyo sikuwahi kuvichagua.

Mwezi uliopita nilimpeleka Lambwe kwa dada yangu tukakaa siku sita. Alifurahi kurudi kule, alikimbia vichakani kama anatafuta wale wageni wake. Tangu turudi si yule. Analala sana. Mayai analeta mawili, matatu, halafu anakaa chini njiani. Na jicho la kulia limeingia ukungu, kama buluu hivi, kama maziwa yaliyotiwa maji. Ni nini, Daktari? Niambie upesi, Pasaka iko hapa mlangoni na Otieno hajasahau.

Mama yako,
Filister


Kehancha,
21 Machi 2024

Mama Mkwe wangu mheshimiwa,

Tunakusalimu sote. Samahani kwa ufupi wa barua hii, msimu wa kupanda umeanza na duka limejaa watu wa mbegu.

Jicho laweza kuwa ni vumbi la safari, au kijiti kilimchoma huko vichakani. Lioshe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Nimekuwekea vitamini ya kuongeza nguvu. Tungoje tuone.

Boaz anasema asante kwa mayai uliyomtumia. Yalifika mazima.

Mkweo,
Mwikwabe


Kosele,
5 Aprili 2024

Daktari,

Tuko wazima. Simu yangu ilianguka kwenye debe la maji, Otieno ameizika kwenye mchele lakini haijafufuka.

Nimeosha jicho kwa chumvi siku kumi na moja kama ulivyosema. Anapiga kelele, lakini ananiachia. Anakaa kabisa, ananiachia, halafu ananilamba mkono huo huo wenye chumvi. Sasa jicho hilo ni jeupe tupu. La pili limeanza. Uso umevimba chini ya kidevu. Jana nilimkuta mahali pa kuku, yai liko mbele yake, amelala akilitazama.

Pasaka imepita. Otieno alikuja na mtu wa hoteli, yule mtu akamwona akarudi kwenye gari. Otieno akaniambia, "Sasa hata wa kumpa hakuna. Mama, nipe ruhusa nimpumzishe." Nimemwambia tunangoja neno la Daktari.

Nangoja neno lako. Usiniambie vumbi.

Filister


Kehancha,
9 Aprili 2024

Mama,

Irine amenipa barua yako saa hii, yuko nje ananisubiri niandike. Scovia amepiga simu yako, imekufa kweli. Amempigia Otieno, Otieno amesema atakuambia, lakini kwa sauti ile sina hakika.

Biskuti hana vumbi. Ana ugonjwa wa mbung'o, ule ule wa ng'ombe, ameupata Lambwe. Mpeleke leo kwa daktari wa mifugo wa serikali hapo karibu. Usingoje kesho. Mwambie jicho la buluu, mwambie Lambwe, ataelewa. Anahitaji sindano na anahitaji anayejua kuipima.

Sasa utauliza kwa nini nisimdunge mimi. Mama, mimi si daktari. Sijawahi kuwa. Nilisoma mwaka mmoja chuo cha mifugo, karo ikaisha, nikarudi nyumbani nikafungua duka. Nauza dawa. Najua masikio, najua kupe, najua minyoo, kwa sababu watu huniuliza kila siku na nimesoma kila karatasi iliyo ndani ya kila boksi. Siku ile tulipokuja kwenu kujitambulisha, baba mdogo alisimama akasema, "Kijana wetu ni daktari wa ng'ombe." Wewe ndiye uliyepiga kigelegele cha kwanza. Nilitazama chini. Nikajiambia nitarekebisha kesho, na kesho hiyo imekuwa miaka kumi na moja. Scovia anajua. Ameniambia mara nyingi, "Mwambie Mama," nami nikasema sawa.

Lakini hilo silo baya zaidi. Uliponiandikia Lambwe na ukungu wa buluu, nilijua. Nilijua siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama hapa kaunta. Sindano ya ng'ombe ninayo kwenye rafu, ila kwa mbwa kipimo kikizidi kidogo inaua, na mimi sijui kipimo. Ningekuandikia "nenda kwa daktari", ungeuliza, "Kwani wewe ni nani?" Nikakuandikia chumvi. Wiki zilizopotea nimezipoteza mimi. Jicho hilo nimelipofua mimi, si mbung'o.

Mpeleke leo, Mama. Baadaye nihukumu.

Mwikwabe


Kehancha,
24 Aprili 2024

Mama Mkwe wangu,

Natumaini mmefika salama wewe na Biskuti, na kwamba alikula njiani. Soksi nyingine nimeitia kwenye mfuko wa pembeni wa kikapu, pamoja na karatasi ya Daktari Gesare yenye siku za vidonge.

Huenda barua hii ikakufikia kabla ya nyingine niliyoiandika zamani. Nakusihi unisikilize. Tarehe tisa nilikuandikia, nikampa Irine. Yeye akapitia kwanza Muhuru Bay kwa kuwa giza la mwezi lilikuwa limeleta omena, halafu mvua ikamkatalia kuanika. Mpaka leo barua iko ndani ya gunia lake. Wewe hukuingoja, na Otieno hakukufikishia neno. Tarehe kumi na mbili niliinua uso kaunta nikakuona umesimama mlangoni pa duka langu, peke yako, bila wanawake wa kukusindikiza, bila chochote mkononi ila beseni, na Biskuti ndani yake amefunikwa kanga. Katika miaka kumi na moja hujawahi kukanyaga kwangu. Ulisema, "Nisamehe mkwe, nimekuja vibaya."

Nilitaka kukuambia pale pale. Midomo ilikataa. Nikamwita Daktari Gesare, daktari wa mifugo wa hapa, nikakuambia ni mwenzangu. Akaja, akamgusa tezi, akamwinua kope, akasema mbung'o. Akauliza mmempa nini. Ukasema alioshwa jicho kwa chumvi. Akawaka: "Chumvi! Ni nani huyo aliyeagiza chumvi? Huyu angeletwa mwezi uliopita angekuwa na macho mawili!"

Nilikuwa nimesimama kati yenu. Nilifungua mdomo. Wewe ukasema, "Ni mimi. Sisi wazee kila kitu tunatia chumvi." Ukacheka, na yeye akacheka, akaendelea na sindano yake.

Mama, nimechapwa shuleni, nimechapwa na baba, lakini sijawahi kupigwa hivyo. Siku tisa ulikaa nyumbani na Scovia, mimi nikalala dukani na Biskuti ili wewe uwe na nafasi ya heshima. Kila asubuhi ulikuja kuuliza, "Daktari, ameamkaje?" Kila asubuhi nilijibu kwa jina hilo. Siku ya nne ilipoonekana anakufa nilisema moyoni, akifa nitamwambia. Siku ya sita alipoinuka akaenda mwenyewe kukojoa kwenye gurudumu la mteja nikasema, amepona, nitamwambia. Ukaondoka bado sijasema.

Barua ya tarehe tisa itakufikia. Isome yote. Sikuiandika baada ya kubanwa na mtu, hilo tu ndilo ninaloweza kujitetea nalo. Uamuzi wako wowote nitaupokea. Kama utasema nisije tena dala yenu, Scovia na watoto wasiadhibiwe kwa kosa langu.

Gharama za Daktari Gesare zimekwisha, usimuulize Scovia.

Mwikwabe


Kosele,
5 Mei 2024

Mkwe wangu,

Tumefika, tumekula, tumelala. Mvua imejaza kila shimo. Goti limefurahia safari, eti lilikuwa linataka kazi. Otieno amepata mapacha wa mbuzi na amekuwa mtu mwema kwa wiki nzima.

Barua zako zimefika kwa mkono wa Irine zote mbili siku moja, zikinuka omena. Nikaanza na ya zamani. Nilipofika pale ulipoandika kwamba ulijua, ukasimama hapo kaunta na ukajua, niliiweka chini nikatoka nje. Nitakuambia ukweli kwa kuwa na wewe umeniambia: nilikasirika mno. Siku kumi na moja nilimshika yule mnyama kichwa nikamtia chumvi jichoni, analia, nami namwambia nyamaza, ni Daktari amesema. Hiyo hasira bado ninayo. Sitakudanganya kwamba imekwisha, nawe usiiharakishe.

Halafu nikasoma ya pili.

Unadhani kule dukani sikujua? Gesare alipouliza ni nani, nilikuona ukifungua mdomo. Nilijua chumvi ni yako, nilijua kuna jambo unataka kusema, ila sikujua ni nini. Nilisema ni mimi kwa sababu mama mkwe hamwaibishi mkwewe mbele ya mgeni, hata akiwa na makosa. Hiyo ni adabu tu, usiipe sifa. Ningemfanyia hivyo hata mkwe nisiyempenda.

Kupenda kulikuja siku ya nne. Nilikuja asubuhi nikitembea polepole, hukunisikia. Ulikuwa umeketi chini kwenye simiti, mgongo umeegemea magunia ya chakula cha kuku, kichwa chake kimelala pajani pako. Unamnywesha uji kwa kijiko cha Boaz, tone kwa tone, na tone likimwagika unalipangusa kwa kidole. Ulikuwa unamwimbia. Kikuria sikijui, lakini sauti ilikuwa sauti ya mtu anayemwomba mwingine msamaha. Wateja watatu walikuwa mlangoni na hukuwahudumia. Nikarudi nyumbani nikamwambia Scovia, "Huyu mume wako nilikuwa simjui." Yeye akaanza kulia, sikuelewa kwa nini. Sasa naelewa.

Kwa hiyo nikuambie mbwa huyu amegharimu nini, maana Otieno hupenda kuuliza. Amegharimu wali, omena, kinyozi, sukari yangu ya wiki. Amegharimu jicho lake mwenyewe. Mimi amenigharimu aibu ya kuja kwako na beseni bila kuitwa, kitu ambacho mama yangu asingekifanya hata nyumba ikiungua. Wewe amekugharimu udaktari. Nikiweka hivyo vyote upande mmoja, na upande wa pili nikaweka yule mtu niliyemwona kwenye simiti, naona nimemnunua kwa bei nzuri. Biskuti mwenyewe hana habari. Jicho la kushoto linaona, na mayai anayatafuta kwa pua. Leo ameleta matano.

Sasa kuna jambo nimelifanya bila kukuuliza, na nataka ulisikie kwangu, si kwa Irine. Jumapili baada ya ibada wanawake wenzangu walinizunguka kumwona mbwa. Mmoja akasema, "Kweli mkwe daktari ni baraka, ona alivyomponya." Wote wakaitikia. Ningeweza kunyamaza. Niliona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza, nikajua miaka yako kumi na moja ilipitaje.

Nikawaambia: "Mkwe wangu si daktari. Anauza dawa dukani Kehancha. Daktari ni mwanamke mmoja anaitwa Gesare. Mkwe wangu ndiye aliyeliponza jicho la kulia kwa woga, na ndiye aliyeliokoa la kushoto kwa mikono yake. Na kosa hilo ameniandikia mwenyewe, kwa kalamu, bila kubanwa na mtu."

Jina lile la udaktari nililipigia kigelegele mimi siku ile mlipojitambulisha, mbele ya hao hao, kwa hiyo kulishusha nilijua ni kazi yangu. Kama nimekuumiza, nisamehe. Otieno alikuwepo. Aliinama akamkuna Biskuti shingoni, mara ya kwanza tangu mbwa aje hapa.

Ndipo Nyasuguta, jirani yangu aliyeolewa hapa kutoka Kisii, akanivuta kando. Ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa na wiki hii amekataa kula. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo mkwe wako asiye daktari, nikimpigia atanisaidia?"

Nikamwambia, "Mpigie. Asipojua atakuambia hajui."

Namba yako nimempa.

Mama yako,
Filister